Wales karne ya 18: nani hasa aliwafundisha wakulima kusoma?

#1 Kalamu ya Mkaa

Wakuu, habari za jioni.

Kuna jambo limenikaa kichwani wiki nzima, nimeona nililete hapa. Mwaka 1731 hivi, kijiji cha Llanddowror, kusini-magharibi mwa Wales, kasisi wa Kianglikana aitwaye Griffith Jones alianzisha shule isiyokuwa na jengo. Mwalimu anafika kwenye parokia, anapewa kanisa au ghala la mtu, anakaa miezi mitatu hivi, mara nyingi majira ya baridi wakati shamba limelala. Anafundisha watu kusoma Biblia na katekisimu kwa Kiwelisi. Akimaliza anafunga virago, anahamia parokia nyingine. Mchana wanakuja watoto, usiku wanakuja vibarua na watumishi wa ndani wakishamaliza kazi. Ada hakuna.

Jones alifariki 1761. Hesabu zilizochapishwa hadi hapo ni zaidi ya shule 3,300 na wanafunzi zaidi ya 150,000, na wengi wa darasa la usiku hawamo humo. Wales nzima ilikuwa na watu kati ya laki nne na laki tano tu! Wizara ya elimu haikuwepo, kodi ya elimu haikuwepo.

Iliwezekanaje? Dai langu ni kwamba siri ilikuwa lugha. Walifundishwa kwa lugha waliyonyonya nayo. Waliotangulia walijaribu kwa Kiingereza wakashindwa. Nipingeni.

#2 mdau_Korogwe

Nimetandika mkeka. Endeleeni, nasoma.

#3 Mwalimu Mstaafu

Kalamu, ahsante kwa uzi, ila "wakashindwa" ni neno kali.

Waliotangulia ni SPCK, jumuiya ya Kianglikana iliyoanzishwa London mwaka 1699. Mfadhili wao mkubwa kwa Wales alikuwa Sir John Philipps wa Picton Castle, Pembrokeshire. Hadi kufikia 1740 walikuwa wamefungua shule 96 hivi. Ni kweli nyingi zilifundisha kwa Kiingereza, lakini kaskazini ziko zilizotumia Kiwelisi. Na Jones mwenyewe alianzia huko huko: aliwahi kufundisha shule ya SPCK pale Laugharne, parokia ya Llanddowror alipewa na huyo huyo Philipps mwaka 1716, na mwaka 1720 akamwoa Margaret, dada yake Philipps. Kwa hiyo tusimchore kama mtu aliyetokea porini kuja kuwaaibisha wazee wake.

Hoja ya lugha lakini nakuunga mkono kwa ushahidi wa macho yangu. Miaka ya sabini nilifundisha elimu ya watu wazima. Mzee mmoja alikuja darasani miezi minne. Siku aliyosoma jina lake ubaoni alinyamaza kwanza, akalisoma tena kimoyomoyo, halafu akaniuliza, "Mwalimu, hili ni mimi?" Sijasahau mpaka leo. Mtu mzima ana sauti zote za lugha yake kinywani tayari, unachompa ni alama tu. Mpe alama na lugha ngeni kwa pamoja, utamchosha kabla mvua hazijaisha.

#4 Bint Pangani

Shikamoo Mwalimu. Naomba kuuliza: kwa nini kusoma tu? Kuandika na hesabu vilikwenda wapi?

#5 Kalamu ya Mkaa

Mwalimu, nimekubali sahihisho la #3.

Bint Pangani, havikuwemo kabisa. Lengo la Jones lilikuwa mtu asome Neno na ajue imani yake kabla hajafa, basi. Kuandika kunakula miezi, na yeye alikuwa anashindana na kaburi. Wakati ule watu walikuwa wakifa kwa maradhi na njaa, na hilo lipo wazi katika barua zake. Hoja yake kwa waliotaka Kiingereza ilikuwa ya namna hiyo: hao watakaokufa kabla hawajajifunza lugha ya kigeni, roho zao anazijibia nani?

Tena chanzo chenyewe kinagusa moyo. Jumamosi ya kabla ya Ushirika Mtakatifu alikuwa akigawa mkate kwa maskini. Akawa anawapanga mstari na kuwauliza maswali mepesi ya imani. Akagundua watu waliohudhuria kanisani maisha yao yote hawana cha kujibu. Ndipo alipoona mahubiri peke yake hayatoshi.

#6 Msomaji wa Usiku

Mimi nina wasiwasi na hizo namba. Zinatoka kwenye *Welch Piety*, taarifa ya kila mwaka ambayo Jones aliichapisha kwa Kiingereza. Iliandikwa kwa ajili ya nani? Kwa wafadhili wa Uingereza. Mtu anayeomba fedha hawezi kuandika kwamba mambo ni mabaya. Halafu shule ikirudi parokia ile ile baada ya miaka miwili, mtoto yule yule si anahesabiwa upya? Zile shule 3,300 ni vipindi vya shule, si mahali 3,300. Mahali penyewe ni kama 1,600.

Sisemi alidanganya. Nasema 150,000 tusiisome kama vichwa 150,000.

#7 Mwalimu Mstaafu

Msomaji, hoja nzito hiyo. Ila weka na upande wa pili wa mizani: wazima wa usiku wengi hawakuandikwa. Kinachozidi huku kinapungua kule. Hata ukikata theluthi nzima, bado ni kazi kubwa kupita kiasi kwa nchi ile.

#8 nesi_Carmarthen

Jamani! Nimeona jina Llanddowror nikashtuka. Mimi ni Mtanzania, nafanya kazi ya unesi huku Carmarthenshire mwaka wa sita sasa. Llanddowror napita kila mara nikielekea magharibi. Ni kakijiji kadogo, barabara, nyumba chache na kanisa. Sikujua kabisa kama pana historia ya namna hii.

Kwa wanaouliza matamshi: ile *Ll* unaweka ulimi kama unataka kusema "l" halafu unapuliza pembeni. Ile *dd* ni "dh" ya "dhahabu". Mswahili anaipata dh kirahisi, wenzangu kutoka nchi nyingine wanateseka nayo.

Wazee ninaowahudumia, akichanganyikiwa akili na uzee, Kiingereza kinaondoka kwanza. Kiwelisi kinabaki. Nimejifunza kusema habari za asubuhi, una maumivu wapi, kunywa maji. Ukimwambia kwa lugha yake uso unabadilika hapo hapo. Kwa hiyo mimi niko na Kalamu.

Halafu nasikia mke wake Griffith Jones, Madam Bevan, ndiye aliyekuwa na fedha?

#9 Fundi Chapa

Nesi, karibu sana, mchango wako ni dhahabu. Sahihisho dogo: mke alikuwa Margaret, kasema Mwalimu kwenye #3. Bridget Bevan, "Madam Bevan", alikuwa mke wa Arthur Bevan wa Laugharne, mwanasheria na mbunge. Huyo mama ndiye aliyetoa fedha na kuwashawishi matajiri wenzake.

Ila mimi nakuja na hoja nyingine kabisa. Mnazungumza lugha, lugha, lugha. Mtu atasoma nini kama hakuna karatasi iliyochapishwa? Hadi 1695 sheria ya Uingereza ilifunga uchapaji kwenye miji michache sana, London, Oxford, Cambridge na York. Kitabu cha Kiwelisi kilipangwa herufi London na mtu asiyejua neno hata moja la Kiwelisi. Fikirieni makosa yaliyokuwemo. Sheria ilipokufa 1695, Thomas Jones, mtunga almanaka, alihamisha mtambo wake mara moja hadi Shrewsbury, jirani kabisa na mpaka wa Wales. Almanaka zake zilikuwa na tarehe za minada, hali ya hewa, mashairi, na matangazo ya mikutano ya washairi. Mkulima asiyenunua kitabu cha dini alinunua almanaka.

Mwaka 1718 Isaac Carter akafungua mtambo wa kwanza halali ndani ya Wales yenyewe, kijiji cha Trefhedyn karibu na Newcastle Emlyn. Miaka michache baadaye Carmarthen ikawa mji wa wachapaji. Angalieni ramani: Carmarthen na Llanddowror ni pua na mdomo. Bila wachapaji hawa, Griffith Jones angefundisha watu kusoma hewa.

#10 mdau_Korogwe

Kitu cha kwanza kuchapwa hapo Trefhedyn kilikuwa nini? Biblia?

#11 Fundi Chapa

Hapana ndugu yangu, ulikuwa wimbo wa kumkaripia Tumbaku! Mtunzi, Alban Thomas, anamtukana Tumbaku kama bwana wake wa zamani aliyemtumikisha.

#12 mdau_Korogwe

Huyo mtunzi ananifahamu. Mimi niliacha sigara 2014 na ningeweza kumwandikia beti arobaini usiku huu huu. Nimemheshimu sana.

#13 Msomaji wa Usiku

Mdau, beti arobaini zianzie kwenye uzi wake, tafadhali, tukuchangie vina.

Fundi, mtambo sawa. Lakini Kiingereza kilikuwa na mitambo mingi zaidi na wakulima wa huko hawakupata shule za Jones. Mtambo peke yake hautoshi.

#14 Mzee wa Mikoko

Assalaam aleikum wote. Nimesoma kimya, sasa naomba nafasi.

Mnaanza hadithi katikati. Turudini nyuma hadi 1563. Bunge la Uingereza lilitoa sheria kwamba Biblia itafsiriwe kwa Kiwelisi, na iwekwe kanisani pamoja na ya Kiingereza. Sababu mojawapo iliyotajwa ni kwamba watu wazisome kwa kulinganisha wapate kujua Kiingereza! Walitaka Kiwelisi kiwe ngazi ya kupandia, kisha ngazi itupwe. Matokeo yakawa kinyume. William Salesbury na wenzake wakatoa Agano Jipya 1567, lakini tahajia yake ilikuwa ya kisomi mno, wasomaji wakajikwaa. Kisha William Morgan akatoa Biblia nzima 1588, kwa lugha safi iliyofuata kipimo cha washairi wa zamani. Ikarekebishwa 1620. Mwaka 1630 ikatoka ndogo, ya bei nafuu, ya kuweka nyumbani.

Kwa hiyo Jones alipoanza alikuta tayari lugha ina kitabu kimoja kinachosomwa kila Jumapili kaskazini na kusini, tahajia moja, msamiati mmoja wa heshima. Lugha nyingi zilizokuwa na watu wengi kuliko Wawelisi hazikuwa na bahati hiyo. Anayestahili shukrani ni Morgan. Jones alivuna.

#15 Kalamu ya Mkaa

Mzee wa Mikoko, wa aleikum salaam. Hiyo ya 1563 sikuijua, nashukuru sana. Lakini kutoka 1588 hadi 1731 ni miaka 143. Kama Biblia ya Morgan ilitosha, mbona watu wa Llanddowror walisimama kwenye foleni ya mkate bila jibu?

#16 Malenga Mtondoo

Kwa sababu mnatafuta kwenye kitabu na watu walikuwa kwenye wimbo.

Mwaka 1579 alizaliwa Rhys Prichard, akawa kasisi wa Llandovery. Aliona waumini wake hawashiki mahubiri ila wanashika nyimbo za kilabuni. Akageuza mafundisho yote kuwa mashairi mepesi, lugha ya mtaani hasa, yenye vina vya kushikika. Alifariki 1644. Stephen Hughes, mchungaji aliyefukuzwa kanisani kwa kukataa masharti ya serikali, aliyakusanya akayachapa, na 1681 yakatoka kama *Canwyll y Cymru*, maana yake "Mshumaa wa Wawelisi". Watu wasiojua herufi waliyajua kwa moyo. Bonde la mto Teifi nako walikuwa na *halsingod*, tungo za dini zilizoimbwa kanisani na makundi ya parokia.

Mwaka 1721 Erasmus Saunders aliandika juu ya hali ya dini katika jimbo la St David's. Anaeleza makanisa yanayobomoka, makasisi wenye mshahara wa kuona haya, mmoja anakimbia parokia hadi parokia kuwahi ibada. Lakini katikati ya uchakavu huo anasema watu wana kiu, wanatembea mbali kwenye baridi kusikiliza, na wanapenda mno kuimba tungo zao za dini. Kiu ilikuwepo, masikio yalikuwa yameshafunzwa. Mwalimu alipokuja na herufi, mtu anafungua ukurasa anakuta maneno aliyoyaimba tangu utotoni. Atashindwaje kusoma kwa miezi mitatu?

Mimi mwenyewe nilijua kusoma kwa namna hiyo. Bibi yangu alikuwa na utenzi kichwani, beti mamia. Nilipoupata kwenye karatasi nilisoma mbele kuliko macho yangu.

#17 Bint Pangani

Malenga, #16 nimeihifadhi. Nimeisoma mara tatu.

Sasa tuambie kidogo juu ya nathari. Nimesikia kuna kitabu cha ndoto.

#18 Malenga Mtondoo

*Gweledigaetheu y Bardd Cwsc*, "Njozi za Mshairi Aliyelala", 1703, cha Ellis Wynne wa Lasynys karibu na Harlech. Njozi tatu: Dunia, Mauti, Jehanamu. Mshairi anasinzia mlimani, anachukuliwa juu, anaonyeshwa mji wenye mitaa mikuu mitatu, wa Kiburi, wa Anasa na wa Faida, na kila mtaa una binti wa Beliali anayeutawala. Mawakili, mabwana wakubwa, walevi, makasisi wavivu, wote wanapita humo. Kiwelisi chake kina makali na utajiri wa ajabu, maneno ya sokoni na ya madhabahuni kwenye sentensi moja. Hadi leo kinahesabiwa kilele cha nathari yao.

#19 Msomaji wa Usiku

Ila si chake chote. Muundo ule ni wa Quevedo, Mhispania, kupitia tafsiri ya Kiingereza ya Roger L'Estrange. Kwa lugha ya leo tungesema kanakili.

#20 Malenga Mtondoo

Tungesema vibaya. Alichukua kiunzi cha nyumba, akajenga kuta za udongo wa kwao. Mitaa ile ina watu wa Wales, kesi za Wales, ulevi wa Wales. Wakati ule kuchukua kiunzi cha mwenzako ilikuwa kazi ya kawaida ya mwandishi. Ukimtoa Wynne kwa kosa hilo, utawatoa wengi.

#21 Msomaji wa Usiku

Kiunzi chenyewe ndicho nusu ya nyumba, Malenga. Lakini sitabishana zaidi, Kiwelisi chake sikijui.

#22 Mtumishi wa Zamu

Bwana Yesu asifiwe. Mmezunguka sana, kitu chenyewe hamjakitaja: uamsho!

Mwaka 1735 Howell Harris, mwalimu kijana wa Trefeca, aliguswa katika kanisa la Talgarth wakati wa Pasaka. Mwaka huo huo hivi Daniel Rowland wa Llangeitho aliguswa na mahubiri ya Griffith Jones mwenyewe. William Williams wa Pantycelyn, aliyekuwa anasomea udaktari, alimsikia Harris akihubiri uwanjani nje ya kanisa la Talgarth, akaacha udaktari. Hawa watatu waliiwasha Wales. Pantycelyn akatunga nyimbo za Kiwelisi zinazokaribia 900. Ule wa kumwomba Mungu amwongoze msafiri jangwani ni wake, na sisi tumeuimba kwa Kiswahili miaka mingi bila kujua ulitoka kwa mkulima wa Wales. Watu walijifunza kusoma kwa sababu moyo uliwaka. Moto ukishawaka mtu hangoji kulazimishwa kushika kitabu.

#23 Mzee wa Mikoko

Mtumishi, umesema kwa hisia, nami naheshimu. Lakini tarehe zinakubana. Shule zilianza 1731 hivi, uamsho 1735. Mtoto hamzai babaye.

#24 Mtumishi wa Zamu

Mzee wangu, shule zilianza 1731 lakini zilipanuka lini? Mwishoni mwa miaka ya 1730 na kuendelea, pale pale uamsho ulipopamba moto. Walilishana. Na watu wa Harris walikuwa miongoni mwa walimu wa mwanzo.

#25 Kalamu ya Mkaa

Hapo kwenye walimu ndipo Jones alipopata taabu. Maaskofu na makasisi wengi waliwachukia Wamethodisti, yaani hao watu wa uamsho, na wafadhili wake walikuwa Waanglikana waaminifu. Ilimbidi ajitenge nao hadharani, ingawa Rowland alikuwa tunda lake. Mwaka 1752 John Evans, kasisi wa parokia jirani ya Eglwys Gymyn, alimchapia kijitabu kizima cha kumshambulia. Mzee alikuwa na pumu na miaka karibu 70. Nasikitika nikisoma hayo. Mtu aliyewahi kufikiria kwenda India kuwa mmisionari, akaamua watu wake wana shida kubwa zaidi akabaki, analipwa hivyo na jirani.

#26 Fundi Chapa

Kuna kisa kinachofungamanisha yote haya. Theophilus Evans aliandika *Drych y Prif Oesoedd*, "Kioo cha Zama za Kwanza", mwaka 1716 akiwa kijana wa miaka 23 hivi. Historia ya Wawelisi tangu Mnara wa Babeli: kwamba wao ni uzao wa Gomeri mwana wa Yafethi, na lugha yao ilitoka Babeli moja kwa moja. Mwanahistoria wa leo haikubali, lakini imeandikwa kwa raha kiasi kwamba watu waliisoma kizazi baada ya kizazi. Mwalimu wa shule alikupa herufi, Evans alikupa sababu ya kutamba kuwa Mwelisi.

Sasa, Evans huyo aliwachukia Wamethodisti kabisa. Na msaidizi wake parokiani kuanzia 1740 alikuwa nani? Pantycelyn! Mwaka 1743 askofu akakataa kumpa ukasisi kamili, Pantycelyn akaondoka. Wamekaa madhabahu moja miaka mitatu, mwandishi mkubwa wa nathari na mtunzi mkubwa wa nyimbo, hawaelewani.

(Evans ndiye pia aliyegundua chemchemi ya kiberiti ya Llanwrtyd, 1732. Alikuwa mgonjwa, akaogopa yale maji yanayonuka, akamwona chura mzima mwenye afya ndani yake, akanywa, akapona. Mji ukawa wa watu kwenda kuoga maji ya dawa.)

#27 Bint Pangani

Chura! Nimeipenda hiyo kuliko zote.

#28 nesi_Carmarthen

Llanwrtyd nimefika. Maji yananuka kweli, kama yai lililooza. Chura sikumwona.

#29 Msomaji wa Usiku

Turudi kwa Kalamu #1. Kama lugha ndiyo siri na shule ziliiokoa, mbona sensa ya 2021 inasema asilimia 17.8 tu ya watu wa Wales ndio wanaozungumza Kiwelisi? Na Jones hakuwa mpigania lugha. Alisema Kiwelisi kinafaa kwa sababu ni njia fupi, na kwa sababu kinawakinga watu na vitabu vya ukafiri vilivyojaa kwenye Kiingereza. Lugha kwake ilikuwa mfuko, si dhahabu.

#30 Malenga Mtondoo

17.8 ni matokeo ya makaa ya mawe, reli, wahamiaji na shule za Kiingereza za karne ya 19. Usimpe Jones lawama za wajukuu. Mwaka 1901 bado karibu nusu ya nchi walikizungumza.

Na umesahau mazingira yake. Tangu mwanzoni mwa karne ya 18 hadi 1870 hakuteuliwa askofu hata mmoja wa majimbo manne ya Wales ambaye Kiwelisi ni lugha yake ya kuzaliwa. Kesi ya kisiwa cha Anglesey, kaskazini mwa Wales, ni ya baadaye kidogo lakini inaonyesha: 1766 parokia ya Trefdraeth ililetewa Dkt. Bowles, mzee wa miaka sabini, hajui Kiwelisi. Katika waumini kama 500 waliojua Kiingereza walikuwa watano. Walimshtaki. Mahakama ya kanisa ilikubali kwamba kasisi anapaswa kujua lugha ya waumini, lakini haikumwondoa. Katikati ya hali hiyo mtu anafundisha maelfu kwa Kiwelisi, iwe mfuko au dhahabu, amefanya jambo.

#31 Mzee wa Mikoko

Na tusiwasahau waliokuwa nje ya Kanisa la Anglikana, Wabaptisti, Waindependenti, Wakweka. Sheria ya 1689 iliwaruhusu kusali. Walikuwa wachache lakini walisoma sana. Waliohamia Pennsylvania walichukua lugha yao: kitabu cha kwanza cha Kiwelisi kuchapwa Amerika ni cha Ellis Pugh, Mkweka, Philadelphia 1721. Mwaka 1730 ikafuata konkodansi ya Biblia, yaani orodha ya maneno yake na mahali yanapopatikana, ya Abel Morgan, Mbaptisti, aliyekuwa ameshafariki. Mtu anaandaa konkodansi kwa lugha ya watu wachache katikati ya misitu ya ugenini! Nani alimfundisha huyo? Si Jones.

#32 Fundi Chapa

Hoja nzuri. Na ndugu wa Morris wa Anglesey nao hawakungoja Jones. Lewis Morris, mpima ardhi na bahari, alileta mtambo Holyhead 1735 akachapa *Tlysau yr Hen Oesoedd*, "Vito vya Zama za Kale", tungo za zamani za kuburudisha. Toleo moja tu, likafa, wanunuzi hawakutosha. Inaniuma kila nikiikumbuka. Ndugu yake Richard, akiwa karani London, alisimamia Biblia ya Kiwelisi ya 1746, nakala 15,000, na 1751 akaanzisha Cymmrodorion, jumuiya ya Wawelisi wa London.

#33 mdau_Korogwe

Swali la mtu wa kawaida: baada ya Jones kufariki shule zilikufa?

#34 Kalamu ya Mkaa

Hazikufa. Jones alifia nyumbani kwa Madam Bevan, Laugharne, na mama huyo akaziendesha miaka 18 zaidi, hadi alipofariki 1779. Aliacha wosia wa pauni 10,000 kwa ajili ya shule. Ndugu wakaupinga mahakamani, fedha zikafungiwa zaidi ya miaka 20. Hapo ndipo shule zilipokatika. Nimewahi kuona familia ikigombania shamba la marehemu hadi mikorosho ikafa, kwa hiyo hapa nilifunga kitabu nikatoka nje kwanza.

#35 Mtumishi wa Zamu

Lakini Mungu hakuacha. Thomas Charles wa Bala alianza tena shule za namna hiyo mwaka 1785. Mwaka 1800 binti wa miaka 15, Mary Jones, alitembea maili zipatazo 25 hadi Bala kununua Biblia kwake. Kisa hicho kinahusishwa na kuanzishwa kwa chama cha Biblia cha London, 1804. Na chama hicho ndicho kilichochapa Biblia nzima ya Kiswahili mwaka 1891. Aliyoishika bibi yangu ilikuwa ya chama hicho hicho.

#36 Msomaji wa Usiku

Mtumishi, hiyo imenigusa, siwezi kuipinga usiku huu.

#37 nesi_Carmarthen

Nimerudi. Jana nilikuwa mapumziko nikasimama Llanddowror. Griffith Jones amezikwa kanisani humo, na Madam Bevan naye humo humo. Nje kulikuwa na mvua nyembamba ile ya huku isiyoisha.

Leo kazini nikamwambia bibi mmoja wa miaka tisini na kitu kwamba nilikwenda huko. Kwa kawaida haongei. Akanishika mkono, akaanza kuimba polepole kwa Kiwelisi. Sikuelewa maneno ila tuni niliijua, ni wimbo ule wa Pantycelyn aliousema Mtumishi. Nikaufuata kwa Kiswahili. Tulifika ubeti wa pili, yeye kwake, mimi kwangu, mwenzangu wa zamu akasimama mlangoni na sinia la dawa akingoja tumalize.

#38 Mwalimu Mstaafu

Nesi, mwanangu, ahsante.

Kalamu, bado sijakuachia. Walimu wale walilipwa pauni tatu au nne kwa mwaka, wakitembea parokia hadi parokia na baridi ile. Wengi majina yao hatuyataji hata hapa, tumetaja wakubwa tu kurasa mbili nzima. Ukipata orodha yao kwenye hizo *Welch Piety* ilete.

#39 Kalamu ya Mkaa

Mwalimu, naanza na toleo la kwanza kesho asubuhi.